Kina Hakisemi Uongo

Kiingereza changu nilikipata katika duka la fundi cherehani. Niliacha skuli nikiwa darasa la nane, mwaka ambao baba yangu, baharia wa majahazi, alitoka na kusi wala hakurudi na kaskazi. Mjomba alinipeleka kwa fundi mmoja wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, nikawa mtia vifungo na mpiga pasi ya makaa. Fundi yule alikuwa na redio ya masafa mafupi, na kila ulipoingia usiku aliitafuta idhaa ya Kiingereza kutoka London. Yeye mwenyewe hakuwa akielewa neno. Alisema sauti ile inamliwaza tu. Mimi nilikuwa nikiifuata kwa midomo, sindano mkononi, neno baada ya neno, kimya kimya, kama mtu anayeleta uradi. Kwa miaka saba sikuwa na mwalimu mwengine ghairi ya redio ile na kamusi moja iliyochanika, isiyokuwa na herufi za mwisho. Nikaamini kuwa Kiingereza ni kimoja na sauti yake ni moja: sauti ya mtu aliyekula akashiba, asiyeharakishwa na yeyote.

Nyumbani nilikuwa na sauti nyengine. Mama alikuwa mtu wa Amu. Baba alimwoa huko akamleta Unguja, naye akaja na lahaja yake kama alivyokuja na kasha lake. Miaka zaidi ya thelathini aliyokaa nasi hakuibadilisha. Macho kwake yalikuwa mato, kichwa kilikuwa kitwa, njaa ilikuwa ndaa, na maji yalikuwa mai. Jua lilipokaribia kuzama alisimama mlangoni akaniita: "Ndoo, mwanangu!" Ndoo, kwa watu wa Amu, ni njoo. Kwa watoto wa mtaa wetu ndoo ni chombo cha kutekea maji, na haikupita jioni wasinifuate kwa vicheko: "We, mama yako anatafuta ndoo!" Nikawa narudi nyumbani mapema, kabla ya jua kushuka, ili mama asipate sababu ya kuniita.

Nataka kuzungumza juu ya lafudhi za Kiingereza, msomaji wangu, na nitazizungumza. Lakini kicheko kile ndicho kilichonifundisha mwanzo kuwa sauti ya mtu inaweza kumtia aibu, tena aibu ikamwangukia mwanawe. Nisipokitaja, yote nitakayoyasema hapa yatakuwa elimu ya kuazima.

Nilipoanza kutafsiri mashairi, umri wangu ukiwa miaka ishirini na kitu, niliyasoma ya Waingereza kwa kipimo chetu. Sisi tuliolelewa na tarbia tunajua kuwa kina ni ahadi. Mtunzi akiufunga mshororo wa kwanza kwa -to hana ruhusa ya kuufunga wa pili kwa -cho, hata kama maana inamlilia. Basi nikamkuta Shakespeare, katika soneti yake ya 116, akiifunga mishororo miwili ya mwisho kwa "proved" na "loved". Katika redio yangu maneno hayo hayakutani: la kwanza lina u iliyovutwa, la pili lina sauti iliyo jirani ya a yetu. Nikamkuta John Keats naye akifunganisha "thorns" na "fawns", moja limeandikwa kwa r na jengine halina. Nikenda barazani nikawaambia wenzangu, kwa kujiamini kwa kijana aliyejisomesha mwenyewe, kuwa Waingereza ni hodari wa maana ila vina vinawashinda. Wenzangu wakafurahi. Hakuna achukiaye kuambiwa kuwa mtawala wake wa jana alishindwa na kitu.

Ilinichukua miaka mingi kujua kuwa nilikuwa nimewahukumu watu kwa sauti isiyo yao. Kwa Keats nilikosa hata udhuru. Yeye nilimsoma kwa jicho nikalisahau sikio, ilhali redio ile ile ilikuwa ikiniambia kila usiku kwamba r inayofuata irabu, pale isipopokewa na irabu nyengine, haitamkwi. Mtu wa London husema "thorns" na "fawns" na kina kikatimia bila ya pengo.

Haikuwa hivyo tangu azali. Zamani Waingereza wote walikuwa wakiitamka r hiyo. Katika karne ya 18 ikaanza kulegea kusini-mashariki mwa Uingereza, na mwaka 1791 John Walker, katika kamusi yake ya matamshi, alikuwa ameshaona kuwa r ya London ni laini mno. Waskoti hawakuiacha, Waayalandi hawakuiacha, wakulima wa kusini-magharibi mwa Uingereza nao waliendelea nayo. Keats alizaliwa London mwaka 1795, baba yake akiwa msimamizi wa banda la farasi wa kukodisha, na alitunga kama koo lake lilivyomwambia. Mwaka 1818 jarida la Blackwood's, lililokuwa likichapishwa Edinburgh, likamshambulia kwa kejeli. Likamweka katika kundi ililoliita la Kikokni, yaani la watu wa kawaida wa mitaa ya London. Vina vyake vikafanyiwa stihizai, na yeye mwenyewe, aliyekuwa amesomea utabibu wa dawa, akashauriwa arudi dukani kwenye vidonge na marhamu zake. Mimi niliyetoka dukani kwa fundi cherehani nilipafunga pale, nikapafungua tena siku ya pili.

Jambo la kuzingatia ni lile lililofuata. Ulegevu wa r, ambao wakosoaji wa zama zile waliuona ni uvivu wa ulimi wa watu duni, ndio uliokuja kuwa Kiingereza cha heshima. Daniel Jones alipotoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, lafudhi aliyoieleza haikuwa na r hiyo. BBC ilipoanza mwaka 1922, watangazaji wake hawakuwa nayo. Kilichohesabiwa kuwa aibu ya Keats kikawa adabu ya watangazaji, na kupitia kwa watangazaji kikanifikia mimi, na vifungo vya watu mapajani.

Hata kabla ya redio kilikuwa kimeshatufikia sote. Tazama maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza: nesi, kadi, fomu, jezi, baa, shati, sketi. Yote hayo kwao yanaandikwa kwa r, na kwetu hayana hata moja. Tuliyapokea kwa sikio, kutoka katika vinywa vya watu ambao r hiyo imeshawatoka. Lau tungetawaliwa na Waskoti peke yao, pengine leo tungekuwa na nersi na kardi. Na tazama basi na klabu. Irabu ile tumeisikia kuwa a kwa sababu ndivyo inavyotamkwa kusini mwa Uingereza; watu wa kaskazini husema u, na kwao tungepata busi na klubu. Kiswahili chetu, bila ya kukusudia, ni daftari lililoandikwa ndani yake mtu gani alisema nasi, na anatokea upande gani wa nchi yake. Aidha limeandikwa na sisi tulivyosikia. Kwa Mwingereza irabu ya shati na irabu ya sketi ni moja, na maneno yenyewe yanafuatana kwa kina. Sisi wenye irabu tano hatukuwa na chumba cha kumweka mgeni yule, tukamlaza mara kwenye a, mara kwenye e. Nimeshona mashati na sketi kwa miaka bila ya kulijua hilo.

Kuhusu Shakespeare, wataalamu wengi wanaona kuwa katika zama zake "proved" na "loved" yalikuwa yakikutana kwa sauti, kisha kila moja likashika njia yake. Mwaka 2004 ukumbi wa Globe, London, uliigiza "Romeo and Juliet" kwa matamshi ya kale, ukisaidiwa na mwanaisimu David Crystal. Nilipolisoma jambo hilo nilijiuliza: wamejuaje? Hakuna aliyenasa sauti za watu wa mwaka 1600. Jawabu ni kwamba walikuwa na mashahidi: tahajia za watu wa siku zile, ambao kila mmoja aliandika kama alivyosikia, maelezo ya wanasarufi wa wakati huo, na vina. Pale ambapo mshairi anayeijua kazi yake amefunganisha maneno mawili ambayo leo hayafungani, mara nyingi sauti ndiyo iliyohama, wala si mshairi aliyekosea. Kina hakisemi uongo. Mwenye sauti hufa, na kina hubaki kimesimama pale pale kikimtolea ushahidi.

Mwaka 2019 nilikwenda Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ambako mwanangu wa kwanza ameolewa. Siku ya pili nilipanda basi peke yangu. Nilimwuliza dereva, mwanamke wa makamo, kama anapita ninapokwenda. Nilitumia Kiingereza cha redio, na akanitazama kama aliyesimamishwa mbele ya hakimu. Kisha akanijibu, na katika jawabu lake sikuambulia ila neno la mwisho: "love". Huko dereva humwita abiria yeyote kwa neno hilo, na wala hapana mapenzi ndani yake. Yeye alilitamka kwa u, u fupi ya watu wa kaskazini, nusura likutane na "prove". Nilikaa kitini nikicheka peke yangu. Kina nilichokihukumu barazani miaka ishirini na tano nyuma kilikuwa kikipita karibu nami ndani ya basi, kwa nauli ya kawaida.

Lakini kicheko hicho hakikufika jioni. Mjukuu wangu wa kike, wakati huo mwenye miaka sita, alinisikia nikisema "bath" kwa a ndefu, kama watangazaji. Yeye, kama watoto wote wa mji ule, hulisema kwa a fupi. Akacheka akasema, "Babu, unasema kama watu wa kwenye filamu za zamani." Mama yake akamkemea: "Usimcheke babu yako. Yeye ndiye anayesema vizuri. Msikilize ujifunze." Nikauona uso wa mtoto unabadilika. Ulikuwa uso ninaoujua; nimewahi kuuvaa. Ilinipasa niseme neno pale pale, niseme kwamba mtoto yuko katika mji wake na anasema kama mji wake unavyosema. Nilinyamaza. Sifa ile ilikuwa imenikolea.

Sikujua wakati ule kwamba jambo kama hilo lilikuwa limeshatokea katika mji huo huo, na kwamba limetungiwa shairi. Mshairi Tony Harrison alizaliwa Leeds mwaka 1937, baba yake akiwa mwoka mikate. Alipata nafasi ya kusomeshwa katika skuli ya watu wa daraja, na siku moja alipoanza kusoma Keats kwa sauti darasani, mwalimu alimkatiza kwa sababu ya lafudhi yake ya kimaskini. Katika miaka ya 1970, akiwa mshairi aliyekwishajulikana, Harrison alilijibu tukio lile kwa shairi. Humo amekumbusha mambo mawili. Kwanza, Keats huyo aliyekuwa akilindwa na lafudhi ya mtoto wa Leeds alikuwa mwenyewe Mkokni. Pili, Wordsworth, mtu wa kaskazini, "matter" na "water" kwake yalikuwa na kina kamili, kwa sababu ndivyo yalivyotoka kinywani mwake. Mwalimu yule alikuwa akiyalinda mashairi dhidi ya sauti zilizoyazaa.

Na huko kuona haya kulikuwa kumewaingia hata wenyewe. Katika vita, mwaka 1941, BBC ilimpa Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax, Yorkshire, asome taarifa ya habari ya nchi nzima kwa lafudhi ya kwao. Malalamiko yakaja, na mengine yalitoka huko huko kaskazini. Watu walisema wanashindwa kuiamini habari inayosomwa hivyo. Walikuwa wakisikia sauti ya jirani yao, na jirani, kwa mazoea yao, si mtu wa kutangaza jambo kubwa.

Marekani sijafika, nimeivukia kwa vitabu. Mwanaisimu William Labov, aliyefariki mwaka 2024, alifanya jambo jepesi mwaka 1962 katika maduka matatu makubwa ya New York: moja la matajiri, moja la watu wa kati, na moja la wanyonge. Aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambayo alijua ipo ghorofa ya nne, ili apate kuwasikia wakisema "fourth floor", maneno mawili ambayo kila moja lina r ya kutamkwa au kuachwa. Kisha alijifanya hakusikia, wakarudia. Waliojibu walikuwa 264. Katika duka la matajiri zaidi ya nusu yao waliitamka r, japo mara moja. Katika duka la wanyonge walioitamka ni takriban mmoja katika watano. Huko New York kwenye staha walikuwa wakiitafuta r, na asiyekuwa nayo alionekana wa chini. London kwenye staha hawana r, na mwenye nayo huonekana mtu wa shamba. Sauti ni ile ile na bahari iliyo baina yao ni moja. Hadhi haimo ndani ya r. Hadhi ipo kwa yule anayeitamka au kuiacha, na ulimi wa mwenye nguvu ndio unaoitwa fasaha.

Lakini utafiti wake ambao sisi watu wa visiwa unatuhusu zaidi ni ule aliouchapisha mwaka 1963, juu ya kisiwa cha Martha's Vineyard, kilicho karibu na pwani ya Massachusetts. Wenyeji wake wakati huo walikuwa kama 6,000, na kila kiangazi walivamiwa na wageni wa mapumziko zaidi ya 40,000. Nyumba nzuri za ufukweni zilikuwa zikinunuliwa na wageni. Uvuvi ulikuwa ukififia. Labov alitazama jinsi wenyeji wanavyotamka irabu za maneno kama "right" na "house", akakuta kwamba badala ya kuelekea matamshi ya bara, wengi wao, hasa wavuvi wa upande wa Chilmark, walikuwa wakiyaacha zaidi na zaidi. Hawakukaa kikao kuliamua hilo. Aliyekipenda kisiwa na kunuia kubaki alitamka kwa namna ya kisiwa. Aliyenuia kuondoka irabu zake zilikuwa zimeshatangulia bara. Sina haja ya kumweleza msomaji wa visiwa hivi, anayepita kila siku mbele ya hoteli zilizofunga njia ya pwani, kwa nini niliusoma utafiti huo hadi usiku wa manane. Nilikuwa nimezoea kufikiri kuwa lafudhi ni alama ya mtu anapotoka. Kwa wavuvi wale ilikuwa pia alama ya mtu anapotaka kubaki.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama yangu. Miaka yote niliyomdhania kuwa ameshindwa kujifunza Kiunguja, alikuwa hakushindwa na kitu. Alibaki Amu kwa ulimi, kwa kuwa kwa mwili hakuweza.

Mama alikuwa mtunzi, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Alitunga nyimbo za harusi, na beti za kuwaliwaza waliofiwa na waliosafiriwa. Zote alizihifadhi kifuani. Masika ya mwaka 1996, miguu ikiwa imemshinda, nilikaa kando ya kitanda chake na daftari nikamwomba anisomee. Alinipa beti thelathini na nne. Alisema, nikaandika, na mkono wangu, uliokuwa na hamu ya kuonekana msomi, uliandika Kiswahili sanifu. Alisema mato, nikaandika macho. Alisema ndia, nikaandika njia. Sikufikiri kuwa ninamsahihisha. Nilifikiri huko ndiko kuandika. Nilijua vizuri kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifu, na kwamba kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilikuja kuusimamia. Nilikuwa nikijivunia kuzaliwa upande ulioshinda. Tulipomaliza nikamsomea nilichokiandika. Alisikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba, kisha akaniuliza kwa upole: "Hizi ni za nani?"

Nilidhani ni uzee. Mwaka uliofuata alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baadaye nilizionesha beti zile barazani, na nilisema maneno ambayo hadi leo yananichoma. Nilisema mama alikuwa na maana nzito, ila hakusoma, na vina mara nyengine vilimponyoka. Nilimpa mama yangu hukumu niliyompa Keats, kwa kosa ambalo safari hii nililitia mimi mwenyewe kwa kalamu yangu.

Niliporudi kutoka Leeds nilichukua daftari lile, nikalisoma kama walivyomsoma Shakespeare wale wa Globe: kila kina kilichovunjika nikakiuliza kilikuwa nini kabla sijakivunja. Ubeti wa saba una majuto, una uzito, una moto, kisha una macho, yamekaa kama mgeni aliyevaa viatu vya mwenyewe nyumba. Nikaweka mato, kina kikatulia. Ubeti wa kumi na mbili una kutwa, una kuitwa, kisha kichwa. Nikaweka kitwa. Mahali panane kina kilinionesha nilipomnyang'anya neno lake, na mahali panane nimelirudisha. Hakuna hata pahala pamoja ambapo mama alikuwa amekosea.

Yaliyobaki ni yale yaliyo katikati ya mshororo, ambako hakuna kina cha kutoa ushahidi. Mizani nayo haisaidii, kwani njia na ndia, njaa na ndaa, maji na mai, yote ni mizani mbili mbili. Pengine alisema hivi, pengine katika ubeti ule alichagua vile, maana watunzi wa Amu nao huchagua. Hayo nimeyaandika pembeni kwa penseli, na kwa penseli yatabaki.

Juma lililopita mjukuu wangu alinipigia simu. Sasa ana miaka kumi na miwili. Nilimwomba anisomee shairi fupi la Keats walilopewa skuli. Alisita kidogo, kisha akaniuliza, "Nisome kwa Kiingereza chako, Babu?" Alikuwa na miaka sita siku ile niliyonyamaza, na hakuisahau. Nikamwambia: "La, mama. Soma kwa chako." Akasoma, kwa irabu za madereva wa mabasi wa Leeds, tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi sikumkatiza.

Usiku ule nilifungua daftari ubeti wa mwisho. Mama anamwita mtoto aliye mbali, na neno la kwanza, kwa mkono wangu, ni "Njoo". Liko mwanzoni mwa mshororo. Kina hakilifikii, na mizani ni ile ile. Kwa kanuni niliyojiwekea lilikuwa la kuachwa kwa penseli. Lakini neno hilo nalijua lilivyokuwa. Nilikuwa nikiitwa kwalo kila jioni, mtaa mzima ukisikia. Nimelifuta, nikaandika kwa wino: Ndoo.